Jiko Lililogoma Kila Jioni

Nyumba tuliyonunua Mkolani ilikuja na jiko ndani yake. Nimefundisha Sayansi shule ya msingi miaka kumi na sita, nimewaeleza watoto wa watu habari za moto na hewa mpaka nimechoka, na bado jiko hilo lilinitoa machozi wiki ya kwanza tu.

Aliyetuuzia alikuwa seremala mstaafu. Kwa miaka mingi alikuwa na karakana Mirongo, na maranda yaliyokuwa yakirundikana pale ndiyo yaliyompa wazo. Alikuwa anayapeleka kushindiliwa yawe vidonge vidogo vigumu, unene wa chaki, kisha akajitengenezea jiko la kuviunguza. Si jiko la kubeba. Lilikuwa kabati la bati zito lililofungwa ukutani. Juu lina tangi lenye mfuniko, hapo ndipo vidonge vinapotiwa. Katikati kuna chuma cha kujisokota, kama kile cha mashine ya kusagia nyama, kinachovisukuma kidogo kidogo kwenye moto. Chini kuna feni ndogo ya umeme ya kupuliza hewa, na nyuma bomba la moshi lililotoboa paa. Siku ya kutukabidhi funguo mzee aliliwasha mbele yetu, na chai ikachemka kabla hatujamaliza kukagua vyumba. Alikuwa anahamia Sengerema kulima. Akatuachia magunia saba ya vidonge stoo, na akasema jiko likisumbua tumpigie simu.

Mume wangu alitabasamu kwa adabu. Yeye ni fundi wa injini za boti, anafanyia kazi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Injini iliyozama ziwani siku tatu anaitoa, anaikausha, na jioni inanguruma. Mzee alipoondoka aliniambia kwamba siku atakayompigia simu seremala kumuuliza habari za mashine, nimpeleke hospitali.

Siku ya tano jiko likajaza nyumba moshi. Ulitoka mlangoni, ukatoka madirishani, ukatanda uani, mpaka mama mmoja asiyetufahamu akabisha hodi na beseni lake kichwani, akitaka kujua samaki wetu wa kukausha tunauzaje. Nilimwambia leo wamekwisha. Sikuona haja ya kumweleza mengine.

Siku hiyo mume wangu alilishinda. Alifungua kibati cha chini akakuta feni imejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama wingu na kufa kwa wingi popote penye taa. Walikuwa wameshikamana kama unga wa dagaa. Akawatoa kwa brashi ya rangi, akarudisha kibati, jiko likawaka vizuri kabisa. Habari ya wadudu wale tuliisikia siku tatu, mimi, jirani zetu wa kulia, na mchungaji aliyekuja kuibariki nyumba.

Wiki iliyofuata mama mkwe wangu akaja kutoka Musoma. Alikuwa na miadi ya macho hospitalini, na alipanga kukaa nasi mwezi mmoja. Watoto wetu wote wako bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi. Mama ni mwanamke mfupi, mkimya, aliyelima na kuanika dagaa maisha yake yote, na anapokaa kwenye kigoda chake huwezi kujua kama anasinzia au anakuhesabia makosa. Nilimwonyesha jiko. Alilitazama juu mpaka chini, akauliza linakula chakula gani. Nikamwonyesha vidonge. Akatia kimoja mdomoni, akakitema, akasema ng'ombe wake wasingekubali.

Siku yake ya nne nyumbani, saa kumi na moja jioni, moto ulififia ukazima. Nilipiga tangi, nikazima umeme na kuwasha tena, nikasema maneno ambayo mwalimu hasemi. Kile chuma cha kujisokota kilikuwa kimekwama. Nilimpigia mume wangu simu. Kwa kawaida alikuwa anarudi wakati sisi tumeshakula, anakuta sahani yake imefunikwa, lakini kusikia jiko limemshinda mtu mwingine kulimpa mbio. Baada ya nusu saa alikuwa amepiga magoti jikoni na spana mdomoni. Alikifungua kile chuma, akakuta uji mzito wa maranda umekigandia. Akasafisha, akakirudisha, jiko likawaka.

Kesho yake jioni likagoma tena. Na keshokutwa.

Hapo ndipo mume wangu alipolitangazia vita. Alibadilisha beringi. Akapanda juu ya paa kwenye jua akazibua bomba la moshi ambalo halikuwa limeziba. Akasema ni umeme wa Mkolani, unashuka watu wakirudi makazini, akaleta kifaa cha kuutuliza. Likagoma nacho. Akaanza kufunga kazi mapema, saa kumi na nusu yuko nyumbani, ili alione likiwa linagoma, maana alisema mgonjwa huangaliwa homa ikiwa juu.

Sasa, jiko haliwezi kupimwa bila sufuria. Siku ya kwanza aliteleka maji matupu. Siku ya pili akaona ni upuuzi kuchemsha maji yasiyo na kazi, akaniomba maharage. Siku ya tatu maharage yalikuwa yameiva na moto bado unawaka, akauliza vitunguu vinakaa wapi. Niliolewa na mtu huyu miaka kumi na minne iliyopita na sikuwahi kumsikia akiuliza vitunguu vinakaa wapi. Nilimwonyesha, nikaenda sebuleni nikakaa, nikanyoosha miguu juu ya stuli.

Mama alihamishia kigoda chake kwenye mlango wa jikoni. Mwanawe alikuwa anafungua skrubu na kuongea, anakoroga na kuongea. Nilisikia habari ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sizijui: jinsi alivyowahi kuiba mtumbwi wa baba yake akapelekwa na upepo mpaka akalala kisiwani, jinsi alivyoumwa na mamba wa kufikirika ili asiende shule. Mama alicheka kwa sauti ndogo ya kukohoa. Samaki sato wa kwanza aliyekaangwa na mume wangu aliungua upande mmoja. Wa pili alikuwa mzuri. Wa tatu, nasema kweli mbele ya Mungu, alikuwa mzuri kuliko wangu.

Siku moja ya wiki ya pili, jino lilinisumbua nikaomba ruhusa shuleni, nikarudi nyumbani saa nane mchana. Nilivua viatu nje kwa sababu ya tope nikaingia kimya. Mama alikuwa jikoni. Amesimama juu ya kigoda chake, mfuniko wa tangi ameuegemeza ukutani, na anamimina ndani yake chai ya tangawizi iliyobaki asubuhi. Hakumwaga ovyo. Alikuwa anaizungusha taratibu, kama mtu anayemwagilia mche wa mnyanya.

Nilisimama. Yeye naye akanisikia, akageuka, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Umewahi leo."

"Jino."

"Pole." Akashuka kwenye kigoda, akakikalia, akaweka kikombe chini. Hakujitetea. Akasema, "Mara ya kwanza haikuwa makusudi. Niliweka kikombe pale juu kikapinduka, nikaogopa kusema. Halafu mwanangu akaja."

Aliniambia mengine huku akitazama mikono yake. Siku tatu za mwanzo mwanawe alikuwa akimkuta anajiandaa kulala, anamwamkia, anamuuliza macho yanaendeleaje, basi. Kama mgeni wa hotelini, alisema. Amesafiri kutoka Musoma kuja kuona watu, si kuona ukuta mpya. Jioni ile jiko lilipokwama alikaa naye saa mbili nzima. Kesho yake akafikiri, chai si bado ipo?

Nilijua la kufanya. Mkamwana mwema angesema, mama, tumwambie ukweli, atakuelewa. Lakini niliikumbuka miguu yangu juu ya stuli. Nilikumbuka sato.

"Mama," nikasema, "usimimine kikombe kizima. Atagundua. Tia nusu, na usiweke ya maziwa, inaacha harufu."

 Akanisogezea kikombe, nimwage mimi nje ile nusu iliyobaki.

Tangu siku hiyo tulikuwa wawili. Mimi nilishika kazi ya kitaalamu: nilimweleza kwamba vidonge vikilowa huvimba, na vikivimba hukwama, kwa hiyo vinyweshwe saa tisa ili vikolee saa kumi na moja. Siku nyingine tuliacha kabisa, jiko liwake, ili mume wangu asikate tamaa. Siku hizo alijipongeza sana na kupika kwa furaha zaidi. Nadhani sijawahi kufundisha kwa vitendo vizuri kama wiki zile.

Tulichosahau ni kwamba fundi naye huchoka. Ijumaa moja jioni alikaa sakafuni, akafuta mikono kwa tambara, akatangaza kwamba amempigia mzee simu. Mzee angevuka ziwa kesho asubuhi kuja kuangalia. Alilisema kwa shida, kama mtu anayekiri dhambi kanisani. Mimi na mama hatukutazamana.

Mzee seremala alifika saa nne na begi la zana na mkungu wa ndizi. Tulimwamkia, akapewa maji, akaingia jikoni. Mume wangu akamweleza yote kwa mpangilio, beringi, bomba, umeme, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Kisha akaingiza mkono ndani ya tangi hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi ya vidonge kutoka chini. Akaviponda kwa kidole gumba. Akanusa. Akanusa tena. Akaugusa unga ule kwa ncha ya ulimi, akafumba macho.



Alipofumbua macho hakumtazama mume wangu. Alimtazama mama kwenye kigoda chake, kisha akanitazama mimi, na mimi nikapata kazi ya haraka ya kukunja kitambaa cha meza.

"Ni unyevu," mzee akasema. "Unyevu wa ziwa. Nyumba hii ina unyevu mbaya sana, nilisahau kuwaambia."

Mume wangu akauliza mbona unakuja jioni tu. Mzee akafikiri kidogo, akasema unyevu una tabia zake. Akashauri magunia yawekwe juu ya mbao, tangi lifunikwe vizuri, na kwa wiki mbili zijazo mwenye nyumba mwenyewe awe karibu na jiko kila jioni, alisikilize. Alikaa akala chakula cha mchana, ugali na sato aliyepikwa na mume wangu, akaongeza sahani. Nilipomsindikiza getini aliniambia, bila kunigeukia, kwamba tangawizi imezidi.

Mama alirudi Musoma mwisho wa mwezi akiwa na miwani mpya. Tangu asubuhi aliyopanda basi, jiko halikugoma hata mara moja.

Ningependa kusema nilimwambia mume wangu ukweli. Mama ndiye aliyemwambia, kwenye simu, wiki moja baadaye. Alimuuliza unyevu unaendeleaje, akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko chake kikamwaga kila kitu, pamoja na jina langu. Nilikuwa naanua nguo uani. Nilimwona mume wangu dirishani akisikiliza, akinitazama, akisikiliza tena.

Alikasirika. Si kwa sababu ya beringi, alisema, wala si kwa sababu ya paa. Ni kwamba tulimwacha aaibike mbele ya seremala. Nilimwomba radhi, na kwa hilo niliomba kwa moyo wote, maana nilikuwa sijalifikiria.  Alilifungua jiko lote, akapanga vipande vyake kwenye gunia sakafuni, akaviacha hapo. Kwa siku sita nilipika kwa mkaa uani nikiwa nimeinama, na yeye alirudi taarifa ya habari ikifika mwisho, akala alichofunikiwa bila kukisifu wala kukilaumu.

Siku ya saba alirudi mapema. Alilikusanya jiko kipande kwa kipande, akalipaka rangi mpya ya fedha, akaliwasha. Kisha akatoa mfukoni kufuli dogo la shaba, akalifunga kwenye mfuniko wa tangi, akatia ufunguo kwenye pete yake ya funguo za karakana. Aliniuliza kama nina swali. Nilisema sina.

Tangi linabeba vidonge vya siku moja. Kila jioni linataka kujazwa, na ufunguo uko mwaloni kiunoni mwake. Kwa hiyo saa kumi na moja anakuwa nyumbani kufungua, na akishafungua huwa amesimama pale, na sufuria ziko karibu. Mama alinipigia juzi kuuliza siku hizi mwanawe anarudi saa ngapi. Nilimweleza habari ya kufuli. 

"Yeye mwenyewe ameshaona limemfunga nani?" akauliza.

"Bado, mama."

"Basi usimwambie," akasema, na akaanza kuniuliza habari za jino.