Fonti Mbili za Jina Moja

Iko asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka kwetu Ipogolo, Iringa, na cheti cha kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Nilikuwa nimepata kazi Mbeya, kwenye stationari ya Mama Atupele pale Mwanjelwa. Ile baridi ya Mbeya usiombe. Tulikuwa tunachapa tumevaa makoti.

Mama Atupele alianza kazi hii tangu enzi za taipureta. Hakuwa msemaji. Lakini ukimpa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kuku, anakurudishia ukurasa ambao unatamani kuuweka kwenye fremu. Nilimhusudu sana yule mama, ingawa sikuwa bado nimejua cha kumhusudia.

Mimi ugonjwa wangu ulikuwa fonti, yaani zile sura mbalimbali za herufi tunazochagua kwenye kompyuta. Mteja akija na CD yenye fonti za kadi za harusi, nazimwaga zote kwenye mashine. Baada ya miezi michache orodha ikawa haina mwisho. Jina moja linatokea mara mbili, mara tatu, na kompyuta ikawa nzito, hata kufungua barua unasubiri.

Asubuhi hiyo nikaamua kusafisha, bila kumuuliza mtu. Nikafungua folda ya fonti, na kila nilipoona mbili za jina moja, nikafuta ile yenye faili kubwa. Niliwaza kwamba kubwa ndiyo inayolemea mashine. Nikamaliza, nikaondoa na zilizokuwa kwenye pipa la taka la kompyuta. Kompyuta ikawa nyepesi, nami nikajiona fundi.

Sasa siku hiyohiyo Mwalimu Ambakisye alikuwa anakuja kuchukua kitabu chake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Tukuyu, aliyekusanya hadithi alizosimuliwa na mama yake kwa Kinyakyusa. Mama Atupele alikuwa amezichapa kwa wiki nyingi kutoka kwenye madaftari yake. Mama yake Mwalimu alikuwa mzee sana na mgonjwa, hatoki tena kitandani, na Mwalimu alitaka asomewe kitabu hicho akiwa bado anasikia. Nilitoa nakala kumi kwenye printa, nikazibana pini, nikampa. Sikufungua hata moja.

Mwalimu alifungua ukurasa wa kwanza palepale kaunta. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Binti," akasema taratibu, "jina la mama yangu liko wapi?"

Nikatazama. Kinyakyusa kina i na u zenye mstari katikati. Kila palipokuwa na herufi hizo palikuwa na kiboksi kitupu, na jina la yule bibi lilikuwa limebaki nusu.

"Ni kompyuta, Mwalimu," nikasema. "Huwa zinasumbua."

Mama Atupele alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichukua nakala, akaitazama, kisha akaketi kwenye mashine na kufungua folda ya fonti. Akaipitia orodha hadi mwisho.

"Neema, kompyuta haifuti fonti yenyewe. Umefuta?"

Mwanangu, ningeweza kuendelea kudanganya. Lakini alikuwa ananitazama bila hasira, na hiyo ilinishinda. Nikasema ndiyo, nimefuta.

"Uliona majina yamefanana, ukadhani ni kitu kimoja. Ulifungua ukaangalia ndani?"

"Hapana, Mama."

"Ile kubwa ilikuwa kubwa kwa sababu imebeba herufi za watu wengi. Herufi za huyu mzee zilikuwa humo."

Kisha akamgeukia mteja. "Mwalimu, kosa ni la ofisi yangu. Naomba uketi, hutaondoka bila kitabu."

Hakunitaja. Nilitaka ardhi inimeze.

Alitoa bahasha kwenye droo. Ndani mlikuwa na CD, na juu yake ameandika kwa mkono wake jina la fonti na lugha zinazoandikika kwa fonti hiyo. Akafunga programu zote. Ile fonti ndogo hakuifuta. Aliihamishia kwenye folda ya pembeni, akaweka ile kamili, akawasha mashine upya. Halafu akachapa sentensi moja yenye herufi zote za Kinyakyusa na jina la mama yake Mwalimu, akatoa ukurasa mmoja tu, akampelekea Mwalimu.

"Nisomee kwa sauti," akamwambia.

Mwalimu akasoma. Alipofika kwenye jina la mama yake akalirudia mara mbili. "Ndaga," akashukuru kwa lugha yao, "ndaga fijo."

Tukatoa nakala kumi upya. Basi la asubuhi la Tukuyu lilikuwa limemwacha, akaondoka nazo kwa la mchana. Alirudi baada ya wiki tatu na mkungu wa ndizi. Mama yake alikuwa amesomewa kitabu chote, na alikuwa amekataa neno moja, akisema mwanawe hakumsikiliza vizuri utotoni. Tulicheka, tukalisahihisha. Bibi yule alifariki kabla ya mvua.

Kwa hiyo, mwanangu, unapoona fonti mbili za jina moja, zifungue zote mbili uone zimebeba nini. Usiyoihitaji iweke pembeni kwanza, ufanye kazi siku kadhaa ndipo uifute, na ile nzuri iwe na nakala nje ya mashine. Jaribu ukurasa mmoja, na umpe mwenye lugha asome. Na ukiharibu, sema umeharibu, mapema, mwenye kazi akiwa bado yuko mbele yako. Na siku utakapokuwa na wa kumwongoza, mbebee aibu yake mbele ya watu, umfundishe mkiwa wawili.

Mungu ayape macho yako subira na mikono yako utulivu, na kila atakayekukabidhi jina la mzazi wake alipokee likiwa limekamilika.