Pasi Aliyonyang'anywa

Tangu aanguke mtihani, binti wa dobi hakuruhusiwa kugusa pasi. Mama yake aliamua hivyo mwenyewe, na akiamua ameamua: mtoto kazi yake iwe kitabu tu mpaka mtihani wa marudio upite. Akianguka na huo, chuo cha udaktari kinamtoa. Akamwekea meza chumba cha ndani, akamrudishia mlango.

Binti akakaa. Ukurasa ule ule. Anaanza juu, akifika katikati hajui alichosoma, anarudi juu. Anafungua dirisha, analifunga. Anahamia kitandani, anashuka sakafuni. Usingizi hauji, chakula hakina ladha, mwili mzito kama blanketi lililolowa. Akisikia ndara za mama zinakuja, anafunua ukurasa upesi.

"Daktari, umefika wapi?"

"Mbali, mama."

Zamani alikuwa anasoma amesimama, kitabu kimeegemea chupa ya maji ya kunyunyizia nguo. Shati moja, aya moja. Hata huzuni ilipomwanza, mikono yenye kazi ilikuwa bado inakishikilia kichwa kisizame. Sasa mikono nayo imepewa likizo.

Mchana mmoja harufu ya kuungua ikapenya chini ya mlango. Akatoka mbio. Mama alikuwa amesinzia kwa uchovu, na suruali ya mteja imebaki na alama ya pasi pajani.

"Rudi ndani," mama akasema, akiikwangua alama kwa ukucha.

"Mama, mimi sisomi."

"Umechoka. Kapumzike kidogo."

"Sisomi tangu uniweke mle. Nikikusikia unakuja, nafunua tu."

Ukucha ukasimama. "Uvivu?"

"Ungekuwa uvivu si ningelala? Hata kulala siwezi. Nalia na sijafiwa na mtu."

Mama hakusema pole. Neno hilo lilikuwa gumu kinywani mwake tangu ujana. "Mimi huku naumwa mgongo na mashati ya watu," akasema, "kumbe ndani hamna mtu."

Kisha akamsogezea pasi.

"Kesho tunakwenda zahanati, halafu kwa mwalimu wako. Umwambie hivi hivi, usirembe maneno."

"Akinicheka?"

"Anicheke mimi kwanza. Anza na kola."

Binti akaegemeza kitabu kwenye chupa, akasoma mstari, ukampotea. Akaipiga pasi kola, akausoma tena. Pembeni mama aliikunja suruali, akaikunjua, akaikunja upande wa pili, na alama bado inaonekana.