Herufi za Kamate za An Deux Mille

Kamate alikuwa mutu ya Butembo, anakaa mu mutaa wa Mapendo, kazi yake kuandika majina ku macamion, yale malori makubwa, na ku mabar. Herufi zake hazikuwa na mviringo hata moja. Alikuwaka anazikata mu karto na wembe, kisha anapaka rangi mu matundu yake, na wembe ukizunguka unapasula karto. Basi O akaipa pembe sita, S akaivunja sawa radi. Batu baliziita "lettre ya an deux mille", herufi ya mwaka elfu mbili, sawa imetoka siku zenye hazijafika. Chauffeur, dereva mwenye hana ile lettre ku camion yake, alikuwaka anaona haya kupita mu mutaa wa Majengo.

Mwaka septante-sept, sabini na saba, alienda ku matanga ya dada yake. Bagalwa, mwenye balikuwa banatumika pamoja, akabeba makarto yote. Kamate kurudi, muji muzima unasema ile lettre ni ya Bagalwa, yeye njo aliivumbula.

Mimi jirani yake nikamuambia: "Grand, tuende tumuvunje mukono."

"Hapana. Mukono abaki nao. Nataka aandike."

Akaenda kuona Birindwa, patron, tajiri mwenye alikuwa anajenga bar. "Patron, usikubali bintu bidogo. Bagalwa akuandikie herufi urefu wa mutu, zionekane tangu barabara ya Rutshuru." Birindwa akapenda sana.

Sasa, makarto ilikuwa ya kimo cha mukono tu. Ku ukuta mukubwa Kamate anapimaka na kabao kamoja, kipande cha mbao: muguu ya herufi, upana wa kabao; nafasi kati ya herufi, nusu kabao. Bagalwa alikaonaka kale kabao, akakaacha, akazani ni kuni.

Akaandika na jicho tu, bila kupima: BAR NYOTA. Y ikaegemea N sawa mulevi. O ikatoka kiazi. Na chini akatia: "Bagalwa, inventeur", ni kusema yeye njo mwenye kuvumbula.

"Papa Bagalwa," mama Kahambu, muuza maharagi wa ngambo ya barabara, anamuuliza, "ni herufi ao ni ngombe za Masisi zinateremuka mulima?"

Birindwa akakuja mbio: "Citoyen Kamate, futa ile, utengeneze."

"Sifuti kitu. Ameisha kutia jina yake. Batu basome."

Kamate akaenda ngambo, akamuandikia mama Kahambu bure ku ukuta: MAHARAGI, kila herufi urefu wa mutu, imesimama sawa soldat wa jeshi. Bar na maharagi, uso kwa uso. Muji ukaelewa bila kuelezwa.

Siku ya tatu Bagalwa akarudisha makarto, macho chini.

"Kamate, unisamehe."

Kamate akaipokea, akaihesabu, akaitia yote mu moto, chini ya sufuria ya mama Kahambu.

"Nitakata ingine," anasema. "We enda ulime Kibumba. Kule hakuna ukuta."