Magurudumu Makubwa Niliyomnyang'anya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinipita urefu akiwa darasa la sita, na tangu hapo watu wakitukuta pamoja wanamwamkia yeye kwanza, wakidhani ndiye mkubwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe. Yeye anashona nguo Makambako. Marehemu baba yetu alikuwa mwinjilisti, mtu mrefu, na kila mgeni aliyefika nyumbani alisema mdogo wangu kamfuata baba. Mimi niliulizwa nasoma darasa la ngapi.

Kwa hiyo nilipogundua kwamba kwenye baiskeli namshinda, nilifurahi kuliko inavyostahili. Nilianza mimi, nikitafuta nafuu ya mgongo uliochoka kuinamia madaftari, naye akanifuata kama alivyonifuata kwenye kwaya. Baiskeli zetu zilikuwa za mtumba, zile za kupandia milima, magurudumu ya inchi ishirini na sita. Jumamosi tulikutana katikati ya njia, na kila kilima nilifika juu kwanza, nikashuka, nikamtazama akija. Nilipenda sana kumtazama akija.

Halafu tukasikia habari za mashindano ya masafa marefu, kutoka Makambako kuja Njombe kwa njia za vumbi za mashambani. Kwa watu kama sisi zingekuwa saa tano, pengine sita. Tukaamua kutafuta baiskeli za maana. Fundi mmoja wa Makambako, mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli, alikuwa ameletewa mbili kutoka Dar es Salaam. Moja ilikuwa na magurudumu ya inchi ishirini na tisa, nyingine ishirini na saba na nusu.

Fundi alizisimamisha zote mbili nje, juani, akatupanga pembeni yake kama anayepima watu sare.

"Hii ya tisa," alisema, "ikishashika mwendo haitaki kusimama. Mawe inayapanda, mashimo inayavuka, wewe umekaa tu. Kwa safari ndefu ni nzuri sana. Ila ni nzito kuiondoa, na fremu yake iko juu. Hii ya saba na nusu ni nyepesi kwenye kona, na kilimani inaitika haraka. Mwalimu, chukua hii ya saba na nusu. Mdogo wako mrefu, achukue ya tisa."

Alisema bila ubaya wowote. Alikuwa anaangalia miguu yetu tu. Lakini mimi nilisikia wageni wote wa nyumbani kwetu wakisema kwa pamoja. Nilimwona mdogo wangu akiiendesha ile kubwa taratibu kuzunguka kibanda, mgongo umenyooka, imemkaa kama vile ilitengenezwa kwa ajili yake.

"Mimi nachukua ya tisa," nikasema.

Fundi akanitazama. "Mwalimu, itakutesa."

"Nitaizoea."

Mdogo wangu alishuka, akanikabidhi usukani. "Sawa, dada," alisema. Hakubishana. Mimi ni mkubwa, na kwetu mkubwa akishasema amechukua, amechukua.

Ilinitesa kweli. Nikisimama ilibidi niilaze upande ndipo mguu ufike chini. Nikikata kona kali huku nakanyaga pedali, ncha ya kiatu iligusa tairi la mbele. Siku moja pale Mahongole, kwenye kona ya kuingia mashamba ya mahindi, kiatu kiligusa nikaanguka, nikachubuka kiwiko mpaka mfupa ukauma. Mdogo wangu alinifuta vumbi kwa kanga yake, kisha akasema polepole, "Dada, tubadilishane. Hata mimi hii inanibana magoti."

"Wewe zoea yako, mimi nizoee yangu," nilimjibu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kwenye ile ndogo, akiwa amejikunja kama panzi, alianza kunikaribia. Jumamosi moja alinifikia kabla ya kilele. Jumamosi iliyofuata alinipita, akageuka kunitazama kwa wasiwasi, akidhani naumwa. Nilimwambia tumbo linanisumbua.

Siku ya mashindano ilikuwa ya kiangazi na baridi yake, asubuhi ukungu umelala juu ya mikaratusi. Mwanzoni, kwenye tambarare za Makambako, ile tisa ilikwenda kama fundi alivyosema. Nilikuwa wa pili kati ya wanawake na nikaanza kuamini nilichagua vizuri. Vilima vilipoanza, mdogo wangu alinipita bila kelele, akasema tu, "Kunywa maji, dada." Nilimtazama mpaka akapotea kwenye msitu wa misonobari. Mimi binti wa mwinjilisti, huku nakanyaga, nilimwomba Mungu tairi lake lipasuke. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyoomba.

Baada ya kama saa nzima nilimkuta kando ya njia, baiskeli ameipindua juu chini. Tyubu yake ya akiba alikuwa ameshaitumia, na hiyo nayo imepata pancha. Jiwe lilikuwa limeichana, haizibiki. Alikuwa ameinuka ananisubiri, uso umejaa matumaini.

"Dada, afadhali umekuja. Una tyubu?"

Nilikuwa nayo, imefungwa chini ya siti, anaiona.

"Ninayo," nikasema, "lakini ni ya tisa. Haiingii kwenye hiyo yako."

Ulikuwa uongo. Tyubu ya tisa inaingia kwenye saba na nusu, unaikunja kidogo tu mahali pamoja, unapuliza. Niliwahi kufanya hivyo mwenyewe kwenye baiskeli ya mwalimu mwenzangu. Yeye hakujua, maana pancha zake zote nilikuwa namzibia mimi.

"Basi wewe nenda," alisema. "Mmoja wetu afike."

Nikaenda. Mbele kidogo mama mmoja aliyekuwa anachimba viazi aliinua mkono, akanisalimia, "Kamwene." Nilipita bila kumjibu.

Njombe nilifika wa tatu. Nilipewa medali na blanketi, nikapigwa picha. Mdogo wangu aliletwa jioni na pikipiki ya waandaaji, baiskeli imefungwa nyuma. Fundi alikuwapo, akaipokea, akamuuliza ilikuwaje. Alipomaliza kusikiliza, fundi akasema kwa mshangao wa kawaida tu, "Lakini mwalimu alikuwa na ya tisa. Si mngeikunja? Inaingia hiyo."

Mdogo wangu alinigeukia. Blanketi lilikuwa mabegani mwangu.

"Dada, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kukataa, na angeniamini.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Aliinama akafungua kamba za viatu vyake, akazifunga upya, akaenda kutafuta gari la Makambako.

Jumamosi tatu hakuja. Ya nne niliiendesha ile tisa mpaka kwake, njia nzima, kiatu kikigusa tairi kila kona. Nilimkuta anashona sare za kwaya. Hakusimamisha cherehani. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba nilimdanganya kwa wivu, na baiskeli niliichukua kwa wivu, na wivu wenyewe ni wa zamani.

"Wivu wa nini?" aliuliza, macho kwenye kitambaa. "Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako siku zote."

"Wa urefu wako. Wa kufanana na baba."

Cherehani ikanyamaza. "Baba alikuwa anawaambia watu wewe ndiye mwenye akili," alisema. "Mbele yangu. Mimi nilikuwa nabeba chai, nasikia. Unafikiri nilikuwa nafurahi?"

Alinipa kigoda, nikakaa. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Aliniwekea ugali na maharage, tukala, kisha akatoka nje na spana, akashusha siti ya ile saba na nusu, akapandisha ya ile tisa. Nilirudi Njombe kwenye saba na nusu. Miguu ilifika chini. Kona nilizikata bila kufikiri, na mgongo haukuuma, na hilo nalo liliniudhi, maana fundi alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

Mwaka huu mdogo wangu amekuwa wa pili, mimi wa sita. Nilimpigia makofi pale mwisho wa njia, na mikono yangu ilichelewa kidogo kuanza. Alipokuja nilimwambia wazi, "Leo nina wivu sana."

"Najua," alisema. Akakaa chini kando yangu, akaanza kuvua soksi.