Hati Niliyoivika Plastiki

Siku moja naikumbuka kuliko hata ya arusi yangu, mwanangu, na mama yenu akisikia, basi.

Kikundi chetu cha wakulima hapa kwetu Kwanza, karibu na Kitale, kilikuwa kimeagiza mashine ya kukausha mahindi kutoka ng'ambo. Mimi, kwa kuwa nilimaliza fomu foo na sipendi kutoka nyumbani, nikapewa kazi ya kutunza makaratasi. Mashine ikiwa bado baharini, ikatufikia hati ya shehena: nakala tatu, zote halisi, zikitaja mzigo ni wa nani. Usiporudisha moja kwa wakala wa meli, mzigo huupati.

Hilo la kurudisha sikulisoma. Niliona karatasi nzuri, na paa letu lilivuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajiambia, nikaenda Kitale nikazilamineti zote tatu, nikazivika plastiki kama cheti cha shule.

Kisha nikashuka Bungoma kwa senge Nafula, shangazi yangu aliyewahi kutoa mizigo forodhani Lwakhakha, mpakani na Uganda, anielekeze. Akazigeuza, akazigeuza tena.

"Ati umezifanya nini?"

"Nimezilamineti, senge. Zisilowe."

"Na hapa nyuma pa kutia sahihi na muhuri, utaandika na msumari?"

Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Halafu akakiokota, akakifunga upya, akanirudishia karatasi zangu.

"Mwana wa kaka yangu, anayeishika hii ndiye mwenye mashine. Nawe umeitia kufuli."

Kweli wakala alizikataa. Tukaomba nyingine, barua ikaenda, barua ikarudi, na mvua haikungoja. Mashine ilipofika, mahindi ya mama yangu yalikuwa yameota ukungu wa kijani, hata ng'ombe hawangepewa. Mama hakunigombeza. Alichukua jembe, akachimba shimo la kuyafukia, nami nikamshikia gunia. Si heri angenigombeza!

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukipewa hati, soma mbele, geuza usome nyuma, kisha uliza inakwenda kwa nani kabla hujaamua itakaa wapi. Zipo karatasi za kutunzwa, na zipo zilizoandikwa ili ziachiliwe. Mimi niliipenda karatasi nikasahau kazi yake, na hadi leo sokoni naitwa Laminesheni. Naitika.

Mungu akupe macho ya kusoma mgongo wa kila jambo, na ghala lako lisinuke ukungu kamwe.