Zafarani ya Bi Sichana

Mtaani kwake, Mji Mkongwe, Bi Mwanakheri alikuwa hakaribishwi chai. Si kwa ubaya, la; watu walimwogopa tu. Kazi yake ilikuwa kupima vyakula na dawa katika maabara ya serikali, na majirani walishajiaminisha kwamba akipita karibu na sufuria yako tu, atajua umetia maji kwenye maziwa. Wenye maduka wakimuona anakuja walianza kupangusa mizani. Mtu mwenyewe mpole, hata kuku hawezi kumfukuza, lakini nani angewaambia wakasikia?

Zamani maabara ilikuwa na watu. Baada ya Mapinduzi mkemia mkuu alihamia Bara, wengine wakaondoka mmoja mmoja, na ilipofika mwaka wa sabini alibaki yeye na chupa zake. Nyumbani ndiyo kabisa: mume alishafariki, wapangaji wa juu wamehama, ngazi haikanyagwi ila naye. Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa baada ya sala alikuja Bi Sichana wa Jang'ombe, muuza dawa za asili, na mkate wa ufuta ndani ya buibui na vicheko vilivyosikika mpaka nje. Mwanakheri aliishi wiki nzima kwa ajili ya alasiri ile.

Sichana ndiye aliyemletea uzi. Bidhaa zilikuwa haba, na maabara iliishiwa uzi mweupe wa sufu wa kupimia rangi. "Shoga, mie nnalo sweta jeupe la marehemu mama, la nini kwenye joto hili?" alisema, na Ijumaa iliyofuata akaja nalo, akalifumua palepale huku akicheka.

Kisha ikaja amri kwamba zafarani yote ya kuuzwa ipimwe. Zafarani ni ya wagonjwa: walimu wa chuo cha Kurani huiandikia kombe, yaani aya, kwenye sahani, maandishi yakaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Nayo ilikuwa imeadimika, na wasio na haya walikuwa wakizipaka rangi ndevu za mahindi na kuziuza. Sichana alileta yake bila wasiwasi wowote.

"Nipimie upesi, watu wananisubiri. Aloniuzia kaniapia."

Mwanakheri akaidondoshea tone la asidi kali. Zafarani ya kweli hugeuka buluu palepale. Hii ilibaki nyekundu. Akaichemsha pamoja na kipande cha uzi, akauosha uzi kwa maji ya moto, akauosha tena. Rangi ya zafarani ingefifia. Hii iling'ang'ania. Ilikuwa rangi ya nguo.

Alikaa na uzi ule mkononi. Akisema kweli, Ijumaa zake zimekwisha. Akinyamaza, watoto wa watu wataoshewa sahani hiyo wainywe. Aliogopa, tena sana.

"Sichana, hii si zafarani."

"Usinitanie."

"Ndevu za mahindi, shoga. Zimepakwa rangi."

Sichana aliutazama uzi. "Nawe ukanipimia kwa sweta la mama yangu," alisema, akatoka bila kuaga.

Ijumaa ile Mwanakheri aliteleka chai, akainywa imeshapoa. Iliyofuata vilevile. Alikwenda Jang'ombe, akaambiwa Bi Sichana hayupo, na kandambili zake zipo mlangoni.

Miezi ikapita. Alkhamisi moja, mwanamme asiyemjua, aitwaye Mkadam, alileta kikaratasi cha zafarani bila jina la mwenyewe. Kilikunjwa pembe tatu, kikafungwa kwa ukili wa ukindu. Duniani kote alimjua mtu mmoja tu afungaye dawa hivyo. Akakifungua taratibu. Tone la asidi lilipogusa, nyuzi za zafarani ziligeuka buluu. Kipande cha mwisho cha uzi wa sweta kilitoka kwenye maji ya moto karibu mweupe.

"Safi," alisema. "Mwambie mwenyewe, uzi wa mama yake umetoka mweupe."

Mkadam alikuna kichwa. "Kanikataza nsiseme ya nani."

"Sikukuuliza ya nani. Hajambo?"

"Hajambo."

"Hakusema kama atapita mwenyewe?"

"Hakusema, bibi."

Akamrudishia kikaratasi, na Mkadam akaenda zake.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, Mwanakheri alinunua mkate wa ufuta mwenyewe. Alikula nusu. Nusu ya pili aliifunika kwa sahani, na ikakaa hapo mpaka ikakauka.