Figa la Tatu

Mimi nilipokuwa mtoto wa kutumwa, pale Ipogolo chini ya mlima wa Iringa, watu waliogopa mafiga kuliko fisi. Fisi anakuja anaondoka. Mafiga yanakaa ndani, matatu, yanasikiliza kila neno la nyumba, na bibi yangu alisema yanalimeza. Kwa hiyo ukihamia nyumba iliyokaliwa na mtu mwingine, kitu cha kwanza, hata kabla ya kufagia, unatoa mafiga yake unayatupa nyuma ya nyumba. Halafu mama mmoja wa jirani anakuletea matatu mapya pamoja na moto wa kwake. Mama huyo ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuyatoa tena. Ukipikia mafiga ya mtu, unakula hasira zake.

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Nimejifunza kusoma na kuandika nina wajukuu tayari, kwenye darasa la watu wazima. Mwalimu alisema kila mmoja aandike jambo analolijua yeye. Wenzangu waliandika kilimo cha mahindi. Mimi nilikaa na kalamu siku mbili, kwa sababu jambo ninalolijua mimi sikuwahi kulisema.

Nyumba ya jirani yetu ilikuwa ya mzee tuliyemwita Kipara. Mke wake wa kwanza alikimbia. Wa pili alitolewa mle ndani amefunikwa shuka, na kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyesema. Kipara naye akafa, nyasi za paa zikaanza kushuka, mpaka jumbe alipowapa nyumba ile wageni wawili kutoka Tukuyu, mtu na mke wake, ndoa yao bado mbichi.

Walishuka kwenye lori asubuhi. Mume aliitwa Ambakisye, fundi seremala, mrefu, sauti nzuri ya kuimba. Mke aliitwa Tusajigwe, ila sisi tulimwita dada Tusa. Kabla hawajashusha kitanda walishusha machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia.

"Wanyakyusa bwana!" akasema Mama Yeremia, jirani wa upande wa pili. "Godoro hakuna, migomba ipo!"

"Godoro haliliwi, mama," akajibu dada Tusa, na watu wote wakacheka, na yeye akacheka na jino lake moja la mbele lililopanda kidogo juu ya lingine. Nalikumbuka sana jino lile.

Bibi alikuwa ameshachonga mafiga matatu kutoka kwenye kichuguu, maana mawe ya mtoni yanapasuka kwenye moto. Akaniita. "Damari, peleka moja moja. Mimi nakuja na moto."

La kwanza nikapeleka. La pili nikapeleka. La tatu lilinitoka mikononi kwenye njia, likavunjika vipande vipande, udongo mtupu. Nilikuwa na miaka kama tisa. Bibi alikuwa mtu mwema lakini fimbo yake niliijua. Nikazunguka nyuma ya nyumba ya Kipara, nikachukua moja katika mafiga yake ya mawe yaliyotupwa, nikalisugua masizi kwa majani, nikalipaka tope. Nikalipeleka. Bibi akaja na kaa la moto kwenye kigae, akawasha, dada Tusa akapiga magoti akasema, "Ndaga, mama," yaani asante, na fundi Ambakisye akasimama mlangoni anatabasamu kama mtu aliyepewa nchi.

Wiki tatu walikuwa na raha. Waliezeka paa pamoja, fundi juu, mkewe akimrushia matita ya nyasi. Walipaka kuta udongo mweupe. Alimchongea mkewe kigoda, akamtania kwamba amekipima kwa macho tu. Nikaanza kusahau.

Halafu Jumamosi moja, mchana, nilisikia chungu kikianguka.

Figa langu lilikuwa fupi. Mimi sikuliona hilo siku ile, lakini lilikuwa fupi kuliko yale mawili, na chungu kilikaa upande. Maharage yakamwagika yote. Fundi alikuwa nje anapiga randa. Akaingia na kipande cha ubao wa mninga mkononi, sijui kama alijua anacho. Sikusikia maneno. Nilisikia ubao. Unapiga kitu laini, halafu unapiga kitu kigumu, na mlio ni tofauti. Dada Tusa alitoka anatambaa, mdomo umejaa damu, na lile jino lililopanda halikuwepo.

Majirani wakaja mpaka kwenye uzio, wakasimama hapo.

"Nyumba ya Kipara hiyo," mtu akasema.

"Lakini mafiga si yalibadilishwa?"

"Basi hayakutolewa vizuri," akasema Mama Yeremia. "Mafiga hayo. Mimi nilijua tu."

Mimi nilikuwa nyuma ya sketi za wakubwa, naling'ata gumba langu. Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Kipara alikuwa mle ndani, na aliyemrudisha ni mimi.

Tangu hapo ikawa kama mvua iliyopata njia. Alimpiga kwa sababu ya chumvi. Alimpiga kwa sababu alimsalimia taniboi wa lori lililotoka kwao. Alimuua jogoo wake kwa kumpigiza ukutani, na ule udongo mweupe tuliousifu ukabaki na alama ambayo dada Tusa aliifuta kila siku na haikutoka. Mara mbili alikimbilia kwa jumbe. Mara mbili jumbe alimsikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mama, ng'ombe wa watu wameshakwenda kwa baba yako. Rudi nyumbani kwako, kaa na mumeo vizuri." Mara mbili akarudishwa, akifuatana na mzee wa baraza kama mzigo uliopotea.

Mimi nilijaribu kulitoa lile figa. Niliingia siku moja dada Tusa akiwa shambani, nikalishika, likaniunguza viganja vyote viwili. Bibi aliponiuliza nikasema nimeshika sufuria. Aliniangalia muda mrefu, akanipaka mafuta.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani. Kelele zilianza tuko njiani, na tulipofika uani mlango ulikuwa wazi, kila mtu anaona. Fundi alikuwa amemshika mkewe nywele, anamvuta kuelekea jikoni. Mkono mmoja wa dada Tusa ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Alikuwa anampeleka uso kwenye moto, taratibu, na anamwongelesha kwa sauti ile ile nzuri: "Angalia unachopika. Angalia. Angalia vizuri." Wanaume kama kumi walisimama pale na vitabu vyao vya nyimbo. Jumbe alikuwepo.

Bibi yangu alipita katikati yao. Alichukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta akaingia, akampiga fundi mgongoni, mara moja, halafu kwenye goti, na lile goti nililisikia. Akamwachia mkewe. Bibi akavua shuka lake la kanisani, akalichovya kwenye mtungi, akalizungusha kwenye figa, lile lile la tatu, akaling'oa kwenye moto. Chungu kikaanguka. Akatoka nalo linafuka moshi, akalitupa miguuni kwa jumbe.

"Mimi ndiye niliyeyaleta, mimi ndiye ninayeyatoa," alisema, anahema. "Angalieni masizi ya chini. Hili si la kwangu. Ni la Kipara. Huyu mtoto wa watu amepikia hasira ya Kipara tangu afike. Nyumba hii haina jiko. Nani ana mdomo wa kumrudisha?"

Desturi ni hiyo. Mke hakai kwenye nyumba isiyo na jiko. Anarudi kwa baba yake, na ng'ombe wanabaki huko huko, maana kosa si lake wala si la mume. Hata jumbe alirudi nyuma hatua moja, asiguswe na lile jiwe. Na fundi, pale chini, ameshika goti lake, akaanza kulia. "Mmeona? Si mimi. Ni mawe. Mnanijua mimi." Watu wakaenda kumshika mabega, wakampa pole. Yeye! Dada Tusa alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, peke yake.

Kesho yake akaondoka kwa lori la Mbeya, mkono umefungwa vijiti. Sikumuaga. Nilijificha nyuma ya migomba yake.

Mwaka uliofuata fundi akaoa tena. Mafiga mapya, matatu, Mama Yeremia aliyaleta mwenyewe na akayapima kwa kamba. Haikufika miezi miwili tukasikia ubao.

Wiki niliyokuwa naolewa ndipo nilipomwambia bibi. Nililia sana. Yeye alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha.

"Nililijua tangu siku ile ile," akasema. "Lilikuwa fupi."

"Mbona hukulitoa, bibi?"

Ungo ukasimama. "Nilifikiri ni jiwe tu."

Baadaye kidogo akaongeza: "Ningesema ni mkono wa mumewe, jumbe angemrudisha mara ya tatu. Mkono wa mwanaume una watetezi. Jiwe halina."

"Na mimi? Miaka yote hii?"

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Ungesema kwa watu." Akaendelea kupepeta, lakini niliona kwamba hapepeti tena, anatikisa ungo mtupu.

Sikumlaumu, na mpaka leo sijui kama nilimsamehe. Aliokoa mtu mmoja kwa uongo ambao mimi ndiye niliyeubeba.

Mimi na mume wangu tulihamia nyumba yetu Igowole, nyumba ya mtu mwingine, udongo bado una harufu yake. Bibi hakumwachia jirani, alikuja mwenyewe na mafiga na moto. Siku ya nne chungu kikaanguka, mboga yote majivuni. Sikukumbuka jinsi nilivyofika chini. Nilijikuta nimechuchumaa, nimefunika kichwa kwa mikono miwili, nasubiri mlio.

Mume wangu akasimama mlangoni.

"Damari, umepoteza nini huko chini?" akauliza. Halafu akaenda kuchukua ufagio.

Yale mafiga sikuwahi kuyaangalia kama yana masizi chini.